Kuanzisha jarida la fasihi Lubumbashi: kutoka miswada hadi nakala 200

Jina na nembo vinaweza kungoja. Kinachoua jarida ni toleo la pili: marafiki wote wa mhariri walishatoa kazi zao katika la kwanza, na pesa yote imebaki kwa mchapaji. Kwa hiyo kusanyeni miswada ya matoleo mawili kabla ya kutangaza chochote, na gharama ya kuchapa la pili iwe imewekwa pembeni bila kutegemea mauzo. Ruzuku ikija, iwe ya kuongezea tu. Huko Wales, Planet, jarida lililoanzishwa 1970, lilisimama 2024 baada ya kukosa ruzuku yake.

Ukubwa unaofaa kuanzia ni A5, kurasa 48 pamoja na jalada. Idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4, kwa kuwa kila karatasi ya A4 ikikunjwa inatoa kurasa nne. Ndani mtakuwa na kurasa 44. Nne ni za anwani, yaliyomo, neno la mhariri na habari za waandishi. Zinabaki 40, na ukurasa wa herufi za pointi 11 hubeba maneno kama 300. Hapo zinaingia hadithi nne za maneno 1,800, mashairi kumi na mawili ya ukurasa mmoja mmoja, na makala moja ya maneno 1,200. Shairi la mizani 16 linakaa bila mshororo kukatika. Lenye mistari mirefu huru litakatika, kwa hiyo mwulizeni mwandishi avunjie wapi, msimwamulie.

Miswada ije kama faili, si kama ujumbe wa WhatsApp, maana humo beti huungana na nafasi hupotea. Wasomaji wawili wasome kila kazi bila jina la mwandishi, wa tatu aamue wakipingana. Jibu litoke ndani ya wiki sita, hata likiwa la kukataa.

Lugha italeta ubishi, na afadhali uishe mapema. Kiswahili cha Lubumbashi kina maandishi yake ya zamani: André Yav aliandika historia ya mji kwa lugha hiyo mwaka 1965. Msikisanifishe kwa nguvu. Mhusika akisema “batu”, isigeuzwe “watu”. Ila ndani ya kazi moja tahajia iwe moja, na mhariri aweke karatasi ya maneno yaliyokubaliwa. Msipofanya hivyo, msomaji atadhani kila tofauti ni kosa la chapa.

Makubaliano na mwandishi yaandikwe, ukurasa mmoja unatosha: haki zinabaki kwake kama sheria ya Kongo ya haki za mwandishi ya 1986 inavyomlinda, jarida linapata uchapishaji wa kwanza, naye anapata nakala mbili. Ombeni ISSN, namba ya kimataifa ya kutambulisha majarida yenye tarakimu nane, mapema ili ikae kwenye jalada. Ulizeni pia ofisi ya mkoa ya mawasiliano kuhusu taratibu za majarida, kwani sheria ya vyombo vya habari ilibadilishwa 2023, na mtenge nakala za Maktaba ya Taifa, Kinshasa.

Sasa uchapaji, ambako hela nyingi huharibikia. Nakala 200 zinakula karatasi 2,200 za gramu 80 kwa ndani. Nunueni rimu 5, ili 300 ziwe za kuharibika. Jalada liwe la gramu 200 au 250, na likwaruzwe mstari wa mkunjo kwanza. Rangi nzito isiyokwaruzwa hupasuka mgongoni. Pangeni kurasa kwa Scribus, ni ya bure, mkiacha milimita 20 upande wa mkunjo na 15 upande wa nje. Mtoe PDF yenye fonti ndani yake. Kwenye mashine ya pande mbili chagueni kugeuza kwa upande mfupi wa karatasi. Mkikosea hapo, nusu ya kurasa zitasimama kichwa chini, na hamtagundua mpaka mkunje. Ndiyo maana nakala moja kamili hukunjwa, hubanwa na kusomwa kabla ya kutia sahihi BAT (bon à tirer), yaani idhini ya kuchapa.

Pini ni mbili, zipige katikati ya mkunjo. Stepla ya kawaida ya ofisini haifiki, kwa kuwa mkunjo uko milimita 148 kutoka ukingoni; tafuteni ya mkono mrefu. Baada ya kubana, kata milimita 3 ukingoni, kwa sababu karatasi za katikati hujitokeza nje. Masika yakishaanza Novemba, rimu zibaki ndani ya kanga zake hadi siku ya kuchapa: karatasi iliyonyonya unyevu hukwama mashineni.

Bei msiikokotoe kwa kugawanya gharama kwa 200. Nakala 40 hivi zitakwenda kwa waandishi, maktaba na kumbukumbu, na nyingine 40 zaweza kulala madukani. Gaweni kwa 120, kisha mwongeze sehemu ya muuzaji, mliyokubaliana naye kwa maandishi. Kila muuzaji, awe karibu na UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, au mjini, apewe nakala tano tu, asaini daftari, na hesabu ifungwe kila mwezi kwa M-Pesa au Airtel Money. Aliyemaliza tano aongezwe tano.