Kabla hujamsainisha Mroma fomu ya utafiti

Wenzangu mnaotoka Dar au Nairobi kuja kusomea afya ya jamii huku Slovakia, mara nyingi mnaniuliza dodoso lianze na swali gani. Dodoso lisubiri. Shughulikieni kwanza fomu ya ridhaa, maana utafiti shirikishi, yaani ule wanaoufanya wanajamii wenyewe pamoja nasi, ukiwa na Waroma, jamii ya wachache inayobaguliwa Ulaya, hukwama hapo.

Mwaka 2000 mama mmoja Mroma alisainishwa karatasi ya kufungwa kizazi akiwa katika uchungu wa kujifungua. Aliambiwa akishika mimba nyingine, yeye au mtoto atakufa. Hakujua anasaini nini. Kesi yake, V.C. dhidi ya Slovakia, aliishinda katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu mwaka 2011. Orodha za majina nazo zina historia yake. Enzi za Wanazi, Eva Justin, mtafiti Mjerumani aliyekizungumza Kiromani, lugha ya Waroma, aliandika tasnifu juu ya watoto wa Kiroma na wa Kisinti, tawi la Waroma huko Ujerumani; alipomalizana nao, wakapelekwa Auschwitz mwaka 1944. Hata 2013 polisi wa Skåne, Sweden, walikutwa na rejista ya Waroma zaidi ya 4,000, wakiwemo watoto wadogo. Basi mtu akikataa kalamu yako, usimwite mgumu.

Iombe kamati ya maadili mapema ikuruhusu kupokea ridhaa ya mdomo. Maelezo yatolewe na mwanamke anayezungumza Kiromani, nesi na ofisa ustawi wasiwepo, na jibu ulifuate siku nyingine. Majina kamili usiyachukue. Usipitie kwa vajda peke yake, yule msemaji wa makazi ya Waroma: aliyeitwa naye hana nafasi ya kukataa.

Watafiti wenza kutoka makazi walipwe, lakini kaa kwanza na kila mmoja mpige hesabu ya posho ya serikali, kwa sababu ujira unaweza kuipunguza na nyumba nzima ikaumia.

Tunapowaangusha watafiti wenza hawa zaidi ni kwenye uchambuzi. Wanakusanya majibu, wanashukuriwa, kisha sisi tunajifungia chuoni kuamua yana maana gani. Tengeni fedha za kuwalipa wakae mezani hadi ripoti iishe. Umekuja kuuliza kwa nini kina mama wanachelewa kliniki. Watafiti wenza wakitaka ichunguzwe kwa nini wodi ya wazazi inawatenga Waroma katika chumba cha peke yao, badilisha swali. Kwa hiyo andika ndani ya pendekezo, kabla mfadhili hajalipitisha, kwamba maswali ya mwisho yatapangwa pamoja nao.