Wati tano zinatosha: redio ya ridhaa kwa nguvu ndogo

Watu wanaotaka kuingia kwenye redio ya ridhaa, yaani kuzungumza na wengine hewani kwa kituo chako mwenyewe bila biashara, huniuliza kwanza bei ya redio, kisha wati ngapi. Nikiwaambia yangu haifiki hata wati 5, wananitazama kama ninayewaficha kitu. Mimi ni mwalimu wa fizikia, naishi nyumba ya kupanga hapa Tanga, na kwa nguvu hiyo nimezungumza na Japani, Finland na Brazili nikiwa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya jiko. Ninayoandika hapa ni ya mtu mwenye mshahara wa kawaida na ua mdogo.

Kwanza leseni. Tanzania inatolewa na TCRA, Kenya na Mamlaka ya Mawasiliano. Kutuma bila leseni ni kosa, na usiagize redio ya kutuma kutoka nje kabla ya kuuliza utaratibu wa kuiingiza, maana kifurushi kikishakwama forodhani hakina mwenyewe. Pamoja na leseni unapewa kolsaini, jina la kituo chako hewani. Za Tanzania huanza na 5H, za Kenya 5Z, za Uganda 5X. Toa kopi mbili tatu, moja umpelekee mwenyekiti wa mtaa kabla hujapandisha waya. Waya ukionekana mtini bila maelezo, kuna atakayesema unanasa simu za watu, na kuna atakayekulaumu kwa televisheni iliyoharibika wiki ambayo hata hukuwasha.

Bibi wa nyumba ya pili aliniita siku nilipofunga wangu.

"Mwalimu, huo waya ndio wa kuleta radi?"

"Shikamoo bibi. Hapana, na mawingu yakijikusanya mimi ndiye wa kwanza kuuchomoa."

"Marahaba. Basi kama hauleti radi, nami nitaanika kanga huku mwisho."

Ilibidi nimtafutie kamba nyingine. Ncha za antena ndipo penye volti kubwa wakati wa kutuma, hata kwa wati chache, na nguo mbichi ikining'inia pale inavuruga vipimo vyote.

Redio yenyewe sitaikalia sana. Ninayotumia ni QCX-mini ya QRP Labs, inakuja vipande vipande unaichomea mwenyewe kwa risasi, ni ya bendi moja (fungu moja la masafa) na ya Morse tu, zile herufi za nukta na mistari. Asiye na mkono wa kuchomea atafute Yaesu FT-817 ya mkono wa pili, inatoa wati 5 na ina bendi nyingi. Fedha itakayobaki usiiweke kwenye kikuza nguvu. Kutoka wati 5 hadi 100 ni desibeli 13 (kipimo cha kulinganisha nguvu), na kwenye mita ya redio ya yule anayekusikiliza hiyo ni kama alama mbili tu za S, alama zinazoonyesha unaingia kwa nguvu gani. Antena mbovu inakula zaidi ya hapo.

Waya

Gawanya 143 kwa masafa ya megahezi, utapata urefu kwa mita wa dipoli nzima, yaani antena ya nyaya mbili sawa zenye kebo katikati. Watu wa nguvu ndogo kwenye bendi ya mita 20 (huo ni urefu wa wimbi, si wa waya) hukutana 14.060 MHz, kwa hiyo ni mita 10.17. Kata vipande viwili vya mita 5.10 kila kimoja. Waya wa nyumba wa milimita 1.5 unaouzwa kila duka la vifaa vya umeme unatosha, na usiuvue plastiki. Plastiki hiyo huvuta masafa chini kidogo, ndiyo maana ukipima mara ya kwanza waya utaonekana mrefu. Usikimbilie koleo. Kunja ncha irudi juu ya waya wenyewe sentimita chache, ifunge kwa tepu, pima tena, pande zote mbili sawasawa. Ukishakata huwezi kurefusha bila kiungo, na kiungo karibu na bahari kina maisha mafupi. Kwa kupima, azima mita ya SWR, inayoonyesha nguvu inayorudishwa na antena, au nunua kipima antena kidogo kiitwacho nanoVNA, ndicho kifaa pekee ninachosema kinunuliwe mapema.

Katikati weka kipande cha bomba la PVC kilichotobolewa, mzigo wa kebo ubebwe na bomba, usibebwe na nyaya. Kebo ninayotumia ni ya dishi, RG-6. Utaambiwa ni ya omu 75 na redio inataka 50. Ni kweli, lakini dipoli iliyo juu vya kutosha ina omu 73 hivi, na tofauti inayobaki hakuna sikio litakaloigundua. Tatizo la kebo ya dishi ni jingine: nyavu yake ya nje mara nyingi ni alumini, na alumini haishiki risasi. Ibane kwa bolti na washa za chuma cha pua, kisha paka silikoni juu yake mpaka shaba isionekane kabisa. Hewa ya bahari ikiiona, msimu mmoja tu inageuka kijani.

Kupandisha ni kazi ya mshipi wa kuvulia na chubwi. Tafuta kijana wa mtaani mwenye manati na shabaha, arushe chubwi lipite juu ya tawi la mwembe na kushuka upande wa pili. Vuta kamba nyembamba kwa mshipi, kisha kamba nene kwa ile nyembamba, mwisho ndipo upandishe bomba la katikati. Ncha mbili zishuke kwa mteremko hadi kwenye ukuta au nguzo, mahali ambapo mtoto hafiki. Mnazi ni mrefu lakini siupendi: makuti yakidondoka yanaondoka na kila kitu. Na acha kamba ilegee. Kusi ikianza kuvuma mti unacheza, na waya uliokazwa ndio unaokatika. Mahali ukipata mita 7 au 8 kwenda juu, shukuru. Ukipata 10, ni bora zaidi.

Kelele

Hapa ndipo wengi hukata tamaa wakilaumu udogo wa nguvu zao. Wao wanasikika kule, ila hawamsikii anayewajibu kwa sababu nyumba yao inapiga kelele. Iunganishe redio kwenye betri, iache ikiunguruma, nenda kazime meinswichi. Kelele ikishuka, adui yumo ndani. Washa kimoja kimoja. Kwangu walikuwa wawili, adapta ya king'amuzi na balbu ya LED ya barazani ya bei poa. Chaja za simu za barabarani nazo ni hatari. Kontrola ya sola ya bei nafuu inavuma mchana kutwa, kwa hiyo ninachaji betri asubuhi na kuichomoa kabla ya kukaa redioni. Betri yenyewe ni ya ampea-saa 7 (7 Ah), aina ile inayowekwa kwenye UPS. Redio ndogo kama hii haimalizi betri hiyo jioni moja.

Kwenye nyaya za vifaa usivyoweza kuzima, bana vile vivimbe vyeusi vya feraiti vinavyopatikana kwenye kebo za monita zilizokufa. Fundi wa kompyuta atakupa bure. Umeme ukikatika mtaa mzima, wengine wakatafute mishumaa, wewe kimbilia redio. Bendi inakuwa safi mpaka unasikia vituo ambavyo hukujua kama vipo.

Bikoni kabla ya kuita

Hiki ndicho ninachotaka kila anayeanza akifanye kabla ya kugusa kitufe cha kutuma. Kwenye 14.100 MHz kuna bikoni 18, vituo vinavyojituma vyenyewe ili watu wapime njia za mawimbi, zilizosambazwa duniani, zinapokezana kila moja sekunde 10, na mzunguko mzima ni dakika 3. Kila bikoni inatuma kolsaini yake kwa Morse, kisha midundo minne mirefu ya sekunde moja moja. Kolsaini na mdundo wa kwanza ni wati 100, wa pili wati 10, wa tatu wati 1, wa nne sehemu ya kumi ya wati.

Huhitaji hata kujua Morse, saa ya simu inatosha. Mzunguko unaanza saa kamili na kurudia kila dakika 3. Ikifika dakika 1 na sekunde 30 ni zamu ya Sri Lanka, sekunde 10 baadaye Afrika Kusini, kisha Kenya, kisha Israeli, kisha Finland. Hesabu midundo. Ukisikia miwili tu ya Finland, na wa pili uko wazi, basi njia ya huko inapitisha wati 10 kwa antena ya kawaida, na zako 5 ziko desibeli 3 tu chini yake. Ita. Ukisikia mitatu, ita huku unatabasamu. Ukisikia kolsaini na mdundo mmoja dhaifu, zima redio ukapike. Baadhi ya bikoni huwa kimya kwa matengenezo, basi usihukumu bendi kwa bikoni moja.

Cha kushangaza ni ile ya Nairobi, 5Z4B. Ndiyo iliyo karibu kuliko zote, kilomita mia tano hivi kutoka Tanga, lakini siku nyingi siisikii huku Finland inaingia vizuri. Mawimbi ya 14 MHz yanapanda hadi ionosfia, tabaka la juu la hewa linaloyarudisha chini, na kutua mbali, yanaturuka sisi wa katikati. Ukitaka kuongea na Nairobi, Dodoma au Mombasa, tumia bendi ya mita 40 mchana, karibu na 7.030, na dipoli yenye urefu wa mita 20 iliyofungwa chini chini. Usiku bendi hiyo inafika mbali, ila miezi ya masika imejaa mikwaruzo ya radi.

Morse, na kuitwa

Njia ya FT8 ya kompyuta, iliyotoka mwaka 2017, inafika mbali sana kwa nguvu kidogo na sina ugomvi nayo. Ila inataka kompyuta, na chaja ya kompyuta yangu inapiga kelele kuliko king'amuzi. Kwa hiyo Morse. Usijifunze kwa kuhesabu nukta na mistari karatasini. Jifunze kama watoto wa chuoni wanavyohifadhi, kwa sauti na mahadhi, herufi nzima kama wimbo mmoja. Weka herufi kwa kasi ya maneno 20 kwa dakika tangu mwanzo, nafasi kati yao iwe ndefu. Tovuti ya LCWO inafundisha hivyo bila malipo, robo saa kila siku, wala usizidishe.

Ukianza kutuma, ita CQ (yaani "naita yeyote anayenisikia") mara mbili tatu kwa kolsaini yako kamili, halafu fungua mtandao wa Reverse Beacon Network kwenye simu. Kuna vipokezi vya watu duniani vinavyosoma Morse vyenyewe na kuandika nani kasikika wapi kwa desibeli ngapi. Jina lako likitokea kwenye kipokezi cha Ujerumani na hakuna aliyekujibu, tatizo si antena yako. Subiri, ita tena.

Na hapa sisi tuna bahati ambayo Mjerumani wa wati 5 hana. 5H haipatikani kila siku hewani. Wenye minara na antena kubwa Ulaya na Japani wanaitafuta, na antena yao kubwa inakusikia wewe mdogo. Kwa hiyo utaitwa na wengi kwa mpigo. Usibabaike. Shika herufi mbili ulizozisikia, zitume na alama ya kuuliza, wengine watanyamaza. Wakikataa kunyamaza, rudia herufi zile zile mpaka mwenyewe ajibu. Mpe ripoti ya unavyomsikia, shukuru, mfuate mwingine. Kasi ya kutuma ni yako, atakayekuja mbio atapunguza akitaka jibu.

Kwa saa: Japani asubuhi hadi mchana, Ulaya kuanzia alasiri, Amerika baada ya magharibi. Daftari la mawasiliano linaandikwa kwa UTC, saa moja ya dunia nzima, na sisi tuna hesabu rahisi. Mchana chukua saa ya Kiswahili uongeze 3: saa 4 asubuhi ni 07:00. Usiku ongeza 15: saa 1 usiku ni 16:00. Tarehe ya UTC inabadilika saa 9 usiku, na hapo ndipo makosa mengi ya daftari hutokea. Andika kolsaini, masafa, ripoti zote mbili na gridi yake, herufi na namba za mahali alipo kwenye ramani. Ya Tanga ni KI94, utaulizwa mara nyingi. Mwisho wa wiki pakia daftari kwenye LoTW, mfumo wa mtandaoni wa kuthibitisha mawasiliano, ili waliokusikia wathibitishiwe. Kadi za karatasi tuma kwa wanaoziomba tu, stempu siku hizi ni ghali.