Somo: Kupeleka taarifa za kiongozi ICC ukiwa hapa Mombasa

Kila maandamano yakiisha na maiti kubaki barabarani, neno ni lilelile: "Huyu tutampeleka Hague." Nimelisikia Majengo, nimelisikia Kongowea sokoni, nimelisikia ndani ya feri. Mara nyingi linaishia barazani. Lakini nimekaa pia na familia zilizotaka kweli kuandika, na nimeona haki yao ikipotea kwa makosa madogo ambayo mtu angewaonya mapema yasingetokea. Ndiyo maana nimeandika somo hili.

Tuelewane jambo moja kwanza. Mwananchi hafungui kesi ICC, yaani Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliyoko Hague. Anachopeleka ni taarifa kwa Ofisi ya Mwendesha Mashtaka, chini ya kifungu cha 15 cha Mkataba wa Roma, mkataba ulioianzisha mahakama hiyo. Mwendesha mashtaka ndiye anayeipima, na akitaka kuanzisha uchunguzi kwa hiari yake, lazima majaji wampe idhini. Njia hiyo ilitumika mara ya kwanza kwetu sisi: tarehe 31 Machi 2010 majaji waliidhinisha uchunguzi wa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, zilizoua watu zaidi ya 1,100.

Hatua ya kwanza: pima jambo lako

Mahakama ile husikiliza makosa manne tu: mauaji ya halaiki, uhalifu dhidi ya ubinadamu, uhalifu wa kivita, na uchokozi wa nchi dhidi ya nchi. Kwa hali zetu, linalogusa zaidi ni la pili. Hapo haitoshi kwamba mtu ameuawa kwa dhuluma. Lazima mauaji, mateso, ubakaji au kufukuza watu makwao kuwe sehemu ya shambulio dhidi ya raia, lililoenea au lililopangwa, na nyuma yake kuwe na sera ya serikali au ya kundi. Jiulize: yametokea mtaa mmoja au mingi? Kwa namna ileile? Kwa siku ngapi?

Angalia na tarehe. Mkataba ulianza kufanya kazi tarehe 1 Julai 2002, na kwa Kenya tarehe 1 Juni 2005.

Hatua ya pili: anza hapa nyumbani

ICC huingia pale nchi inapokataa au inaposhindwa kushughulikia kosa kwa dhati. Kwa hiyo nenda kituoni, uandikishe, utoke na nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi. Aliyejeruhiwa ajaziwe fomu ya P3, fomu ya polisi ambayo daktari huandika majeraha. Aliyefariki afanyiwe uchunguzi wa maiti kabla ya mazishi. Najua kwetu Waislamu tunaharakisha kuzika, na kuiambia familia isubiri ni jambo zito, lakini mwili ukishazikwa bila ripoti ya daktari, kuufukua kunahitaji amri ya mahakama. Kama anayelalamikiwa ni polisi, peleka kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu nayo ipokee nakala.

Ukifukuzwa kituoni usikate tamaa. Andika siku hiyohiyo: kituo gani, saa ngapi, askari gani, alisema nini. Kukataliwa kwako kunaonyesha kwamba mlango wa nyumbani ulibishwa haukufunguliwa.

Hatua ya tatu: tunza ushahidi

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kijana mmoja aliniletea video kali mno. Askari wanaonekana, mwathiriwa anaonekana, sauti inasikika. Nikamuuliza nani aliipiga. Akasema ametumiwa na rafiki, naye rafiki ametumiwa katika grupu. Video ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa, na habari zilizokuwa ndani ya faili, kama saa na mahali ilipopigwa, huondoka. Tulimtafuta mpigaji kwa wiki mbili. Tulipompata alikuwa ameshaifuta kwa hofu.

Basi faili la asili libaki katika simu iliyolipiga. Nakala iwekwe kwenye flashi bila kukatwa, bila kuongezwa maandishi wala muziki. Ukiwa wewe ndiye unayepiga, na uko salama, onyesha kitu kinachotambulika: msikiti, kituo cha mafuta, bango la duka. Kisha andika kwenye daftari nani alipiga, lini, na kila mkono ambao kifaa kimepitia.

Mashahidi nao wasihojiwehojiwe. Kila anapohojiwa upya maneno hubadilika kidogo, na wakili wa upande wa pili atayashika mabadiliko hayo miaka kumi baadaye. Aliyebakwa na mtoto mdogo, wewe usiwahoji kabisa. Wapeleke kwanza kwenye matibabu. Kazi yako ni kujua nani aliona nini na anapatikana wapi, basi.

Hatua ya nne: linda watu kabla ya kutuma

Kesi za Kenya kuhusu ghasia zile zilivunjika hapa. Ya Uhuru Kenyatta iliondolewa Desemba 2014, ya William Ruto na mtangazaji wa redio Joshua Sang ikasitishwa Aprili 2016. Wote walikana mashtaka, na hakuna aliyepatikana na hatia. Ushahidi haukutosha, na jaji mmoja aliyekubali kusitisha kesi ya Ruto na Sang alitaja wazi kuingiliwa kwa mashahidi. Kifungu cha 70 kinafanya kuhonga au kutisha shahidi kuwa kosa la kushtakiwa huko huko, lakini kosa hilo huadhibiwa baada ya shahidi kuwa amekwisha nyamaza.

Kwa hiyo majina ya mashahidi yasipite kwenye grupu lolote. Usitumie kompyuta ya saiba. Usitangaze mtandaoni kwamba "tumeshapeleka". Shahidi akubali mwenyewe, akiwa ameelezwa hatari, na akikataa usimlazimishe.

Hatua ya tano: andika na utume

Andika yaliyotokea kwa mpangilio wa tarehe. Tenga ulichokiona na ulichosimuliwa. Kisha fika kwenye kiini: kiongozi anaingiaje? Chuki yako kwake si kiungo. Kiungo ni amri aliyotoa, mkutano alioketi, maneno aliyotamka, malori aliyoyalipia. Au kwamba walio chini yake walifanya, yeye akajua au alipaswa kujua, na hakuwazuia wala kuwaadhibu.

Tuma kupitia OTPLink, mfumo wa mtandaoni wa kupokea taarifa, unaopatikana katika tovuti ya mahakama, icc-cpi.int. Lugha za kazi kule ni Kiingereza na Kifaransa, kwa hiyo ambatanisha tafsiri kama una mtu wa kuaminika. Hifadhi uthibitisho wa kupokelewa. Baada ya hapo jiandae kwa ukimya mrefu. Taarifa zilizopelekwa tangu 2002 zimepita 10,000, na nyingi ziko nje ya mamlaka ya mahakama.

Maswali ya wanachama

*Mama wa Likoni: Mwanangu, sisi tulichomewa nyumba Agosti 1997, na wakubwa wanajulikana. Twaweza kupeleka?*

Shikamoo mama. Kwa ICC haiwezekani, tarehe inazuia. Naumia kukuandikia hivi, kwa sababu nilikuwa mtoto wakati huo na nakumbuka watu wakivuka na magodoro. Tume ya Akiwumi ilichunguza yale mambo, na ripoti yake ni kumbukumbu ya umma. Simulizi yako iandikwe hata hivyo, na majina ya waliokufa yahifadhiwe.

*Kijana wa Kisauni: MCA wetu, mwakilishi wa wadi, amekula pesa za basari. Hague wanashughulikia?*

Hapana, ndugu. Hiyo ni ya EACC, tume ya maadili na kupambana na ufisadi.

*Mwalimu wa Tudor: Rais aliye madarakani si ana kinga?*

Kifungu cha 27 cha Mkataba wa Roma hakitambui cheo. Na Katiba yetu, ibara ya 143(4), inasema kinga ya rais haifiki kwenye makosa ya mkataba wa aina hiyo ambao Kenya imeingia. Ila sheria kuandikwa ni jambo moja. Tarehe 27 Agosti 2010, siku hiyohiyo Katiba ilipozinduliwa Nairobi, Omar al-Bashir wa Sudan alikuwa mgeni jukwaani akiwa na hati ya ICC ya kukamatwa. Alirudi kwao salama.

*Dada wa Changamwe: Nikituma halafu nikaogopa, naweza kuiondoa?*

Dada, fikiria hilo kabla ya kutuma. Ufilipino, wakili mmoja alipeleka taarifa kuhusu Rais Rodrigo Duterte Aprili 2017, na Januari 2020 akatangaza kuiondoa. Ofisi ya Mwendesha Mashtaka iliendelea, maana taarifa ikishaingia inapimwa pamoja na nyingine. Duterte alikamatwa tarehe 11 Machi 2025.

*Kaka wa Tanga: Hakuna mahakama ya karibu zaidi?*

Ipo Arusha, Mahakama ya Afrika Mashariki. Mwananchi anakwenda moja kwa moja, ila anashtaki serikali wala si mtu binafsi, na lazima afike ndani ya miezi miwili.

*Mzee wa Bondeni: Shati la marehemu kijana wangu lina damu. Mama yake ataka kulifua, asema hawezi kulala nalo ndani ya nyumba. Nifanyeje?*

Shikamoo mzee, na poleni sana. Lisifuliwe. Kama bado bichi, lianikeni kivulini likauke lenyewe, kisha litieni ndani ya karatasi safi au bahasha kubwa ya kaki. Msitie mfuko wa nailoni, unyevu utaozesha damu. Juu ya bahasha andika jina lake, siku, na nani amelishika, utie sahihi. Halafu usilikalishe kwako: lipelekeni kwa wachunguzi mkiwa na nambari ya OB, muandikiwe risiti ya kupokelewa. Mama naye aambiwe kwamba halitupwi, linatunzwa. Kesho baada ya Alasiri nipo, njoo nalo twende pamoja.