Ampu ya wati ngapi inatosha? Anza na spika, wati zije baadaye

Mtu akishanunua spika za maana swali linalofuata huwa ni lilelile, nyuma pameandikwa wati 50 hadi 200 sasa nichukue ampu ya wati ngapi? Na jibu analopewa haraka haraka ni chukua kubwa tu, ambalo siyo baya sana ila halisaidii kitu, maana ipo ampu ya wati 150 inayohema kwenye spika ambazo ampu nyingine ya wati 80 inazibeba bila jasho. Hiyo namba ya nyuma ya spika isikuumize kichwa kabisa. Kiwanda kinakupa makadirio tu ya ampu za saizi gani zinafaa na spika inavumilia mpaka wapi kwa muziki wa kawaida, hakijui chumba chako wala unakaa mbali kiasi gani wala unapenda kelele kiasi gani.

Namba ya kutafuta ni sensitiviti. Utaiona imeandikwa hivi: 87 dB / 2.83 V / 1 m. Yaani ukiipa spika volti 2.83 halafu ukapima sauti mita moja mbele yake unapata desibeli 87. Sasa kwenye spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme) hizo volti 2.83 ni wati moja, lakini kwenye spika ya omu 4 volti hizohizo ni wati mbili, na hapa wengi wanapigwa chenga, wanaona spika ya omu 4 ina 88 wanadhani ni rahisi kuibeba kuliko ya omu 8 yenye 87, kumbe kwa wati moja hiyo ya omu 4 ni 85 tu. Toa 3 kwanza ndiyo ulinganishe.

Spika nyingi za nyumbani za bei ya juu zinaangukia kati ya 84 na 90. Zipo za nje ya hapo, zile LS3/5a ndogo zilizobuniwa BBC miaka ya 1970 ziko kwenye 82 au 83 hivi, halafu kuna Klipschorn za honi (sauti inatokea kwenye mdomo mpana kama wa tarumbeta) ambazo zinatajwa kwenye 105. Hiyo tofauti ya desibeli 20 na ushee kwa wati ni zaidi ya mara 100! Yaani mwenye Klipschorn akifungulia wati moja, mwenye LS3/5a anahitaji zaidi ya wati 100 kumfikia, na kabla hajafika huko kaspika kenyewe kameshasalimu amri. Ndiyo maana mtu wa honi anaishi raha mustarehe na ampu ya valvu (zile taa za kizamani badala ya transista) ya wati 8 wakati wewe unaambiwa wati 8 ni utani.

Hesabu za desibeli ni mbili tu za kukariri. Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3, ukizidisha mara kumi unapata 10, na hizo 10 ndizo sikio linazihesabu kama sauti imekuwa kubwa maradufu hivi. Kwa hiyo kuhama kutoka ampu ya wati 80 kwenda ya wati 100 ni desibeli moja basi, ambayo usipoambiwa pengine hata huigundui. Ampu mpya inaweza kuwa bora kwa mambo mengine, sawa, ila usiseme umenunua nguvu.

Twende kwenye hesabu yenyewe. Chukua spika ya omu 8, sensitiviti 86, na unakaa mita tatu. Mahali pa wazi kila umbali ukiongezeka maradufu sauti inashuka desibeli 6, ila ndani ya chumba kuta zinakurudishia kiasi kwa hiyo inashuka kidogo kuliko hapo, mimi kwa mita tatu huwa natoa 7, halafu naongeza 3 kwa sababu spika ziko mbili. 86 toa 7 jumlisha 3 ni 82. Wati moja kila upande inakupa desibeli 82 pale kwenye kochi, na 82 kwa wastani siyo sauti ya chini hata kidogo, mtu akikusemesha inabidi apaze sauti.

Mbona basi tusinunue ampu ya wati moja? Kwa sababu ya vilele. Muziki hautembei kwenye wastani, ngoma inapigwa, tarumbeta inaingia, okestra nzima inalipuka kwa sekunde mbili halafu inatulia. Nyimbo za kisasa zilizobanwa sana studio vilele vyake vinapita wastani kwa desibeli 8 au 10 hivi, ila rekodi nzuri ya okestra au jazi inaweza kupita kwa 20. Hapo 82 inakuwa 102, na desibeli 20 juu ya wati moja ni wati 100. Spika ikiwa ya 83 inabidi wati 200, ikiwa ya 90 zinatosha 40. Spika, chumba na wimbo ni vilevile, ila dakika nzima ampu inakula wati moja halafu kwa sehemu ndogo ya sekunde inaombwa 100, na kama hazipo inakata vichwa vya mawimbi, mafundi wanasema ina-klipu. Siyo lazima usikie mikwaruzo ujue ime-klipu. Mara nyingi unasikia tu ngoma imekosa makali, sauti imebanana, na unaanza kuchoka mapema.

Na spika zinaungua hapohapo. Watu wanasema ampu ndogo inaua spika kuliko kubwa, ni nusu ukweli. Ampu iliyosukumwa mpaka mawimbi yamekuwa bapa kabisa inaweza kutoa karibu mara mbili ya wati zilizoandikwa, na sehemu ya nguvu hiyo inapanda masafa ya juu kwenye twita, kile kispika kidogo cha sauti za juu, ambacho hakikutengenezwa kubeba mzigo huo. Ampu kubwa nayo inaua vizuri tu, ukiacha mtoto acheze na volyumu.

Sasa impidansi, yaani zile omu za spika, na hapa ndipo ningependa mtu atumie muda mwingi kuliko kwenye wati. Hiyo omu 8 au omu 4 ya kwenye kibandiko ni jina tu, spika halisi inapanda na kushuka kila masafa. Kiwango cha IEC, shirika la kimataifa la viwango vya umeme, kinataka isishuke chini ya asilimia 80 ya namba iliyotajwa, yaani ya omu 8 isipite chini ya 6.4, ila ukiangalia vipimo utakuta spika zinazoitwa omu 8 zinagusa 4 au hata 3. Ampu kazi yake ni kutoa volti, mkondo unaamuliwa na spika. Ampu ya wati 100 kwenye omu 8 inatoa kama volti 28, mkondo ampea 3.5. Spika ikishuka omu 4 volti hizohizo zinataka ampea 7, ikishuka omu 2 zinataka 14. Kama transfoma na transista za kutolea haziwezi, ampu inakata hata kama wati "zimebaki", au saketi ya ulinzi inazima katikati ya wimbo. Apogee Scintilla za miaka ya 1980 zilikuwa maarufu kwa hili, impidansi yake ilikuwa karibu omu moja, ampu nyingi tu zilishindwa kusimama mbele yake.

Kwa hiyo tafuta grafu ya impidansi ya spika zako, jarida la Stereophile la Marekani limechapisha vipimo vya spika nyingi sana kwa miaka mingi, anzia huko. Angalia mahali pa chini kabisa ni omu ngapi, na pako masafa gani, maana omu 3 kwenye herzi 80 ambako besi inakula nguvu nyingi ni shida kubwa kuliko omu 3 huko juu kwenye 10,000. Kama grafu ina mstari wa pili wa fezi (mkondo unavyotangulia au kuchelewa kulinganisha na volti) na umeenda mbali na sifuri palepale ambapo omu ziko chini, hesabu kwamba mzigo ni mzito kuliko omu zinavyoonyesha.

Kisha geukia ampu. Usisome wati za omu 8 peke yake, soma na za omu 4. Ikiwa 100 kwa 8 na 180 au 200 kwa 4 hiyo ina misuli. Ikiwa 100 kwa 8 na 120 kwa 4, spika ngumu zitaisumbua. Na ikiwa mtengenezaji hajataja omu 4 kabisa au ameandika usiunganishe chini ya omu 6, mkuu, hapo umeshajibiwa. Hakikisha pia wati ni RMS (za kuendelea, siyo za ghafla), chaneli zote mbili zikifanya kazi kwa pamoja, kuanzia herzi 20 hadi 20,000. Ujanja wa namba ni wa zamani, Marekani tume yao ya biashara FTC ililazimika kuweka kanuni ya kutangaza wati za ampu mwaka 1974. PMPO, ile namba kubwa ya matangazo, usiisome hata kwa kujifurahisha. Daraja la ampu A, AB au D (saketi yake inavyofanya kazi) kwenye swali hili la nguvu siyo hoja, angalia namba za omu 4 na omu 2 basi.

Kama tayari una ampu na unataka kujua inatosha au la, usiangalie kinobu cha volyumu kimefika wapi. Kinobu kikiwa saa nne ampu inaweza kuwa imeshamaliza nguvu zote, inategemea chanzo kinaingiza volti ngapi. Pima. Weka wimbo wenye vilele vikubwa, pandisha volyumu mpaka pale ambapo wewe mwenyewe hutakaa upite, kiache hapohapo. Zima ampu, chomoa spika, (ya valvu usiifanyie hivi, haitakiwi kuwashwa bila mzigo), kisha washa na upige toni ya herzi 60 iliyorekodiwa kwa desibeli 12 chini ya ukomo wa rekodi ya dijitali, pima volti za AC kwenye tamino kwa mita ya kawaida, zidisha kwa 4. Ukisoma volti 4 ni 16, 16 mara 16 gawa kwa 8 ni wati 32. Hapo ampu ya wati 60 inakutosha na chenji inabaki. Ila gawa pia kwa ile omu ya chini uliyoiona kwenye grafu, ikiwa 3 ni wati 85, uone ampu yako inafika huko.

Majibu yakitoka makubwa mno, tuseme wati 400, usikimbilie dukani. Sogeza kochi kutoka mita tatu hadi mbili, umepata desibeli 2 hadi 3, karibu sawa na ampu yenye wati mara mbili. Au weka sabufa yenye ampu yake na ukate besi isiende kwenye spika kubwa chini ya herzi 80, mzigo mzito unaondoka. Ikikataa hata hapo basi tatizo ni spika, uza utafute yenye 90.