Kufuatilia bando la nguo kwa kadi za redio: anza na laini moja

Kwenye viwanda vingi vya nguo, vikiwemo hivi vyetu vya Athi River, bando, yaani fungu la vipande vilivyokatwa vinavyosubiri kushonwa, husafiri na tiketi ya karatasi. Jioni karani anakusanya vijikaratasi na kujumlisha, na kesho yake ndipo msimamizi anagundua kola 60 zilishonwa zikiwa zimepinda. Kadi ya redio (RFID), yaani kadi yenye chipu inayosomwa na kisomaji bila waya, inakuonyesha kasoro hiyo fundi akiwa bado kitini.

Hatua ya 1: Chagua kadi. Kwenye laini, yaani safu ya mashine za kushona, tumia za megahezi 13.56, zinazosomeka kwa umbali wa sentimita chache. Zile zinazosomeka kutoka mita kadhaa zitakusumbua: mashine zimekaribiana, meza za chuma zinarudisha mawimbi, na kisomaji cha mtu wa mashine ya ovaloki kitasoma bando la jirani. Hizo zipeleke stoo, zihesabu katoni mlangoni.

Hatua ya 2: Sajili bando kwenye meza ya kukatia. Bando moja, kadi moja: oda, rangi, saizi, idadi ya vipande na namba ya roli ya kitambaa. Roli usiisahau kabisa. Siku mkono wa shati utakapotofautiana rangi na kifua, ndiyo itakayokupeleka kwenye chanzo.

Hatua ya 3: Fundi agonge kadi akianza na akimaliza. Hapa ndipo mifumo mingi hufia. Katika kiwanda kimoja nilichohudumia, grafu ya bando zilizokamilika ililala siku nzima, halafu saa kumi alasiri ikaruka juu. Tulipokwenda kutazama, tukakuta kadi zimerundikwa kwenye droo zikingoja kugongwa kwa mpigo. Mafundi hawakuwa na kosa. Visomaji vilikuwa vimefungwa nyuma ya viti, na kila mara ilibidi mtu ageuke mwili mzima huku lengo la saa likimkimbiza. Tulivihamishia mkono wa kushoto, pale bando linapotua, na kadi zikaanza kugongwa kwa wakati.

Hata hivyo weka kinga. Kama kupachika kola moja ni dakika 0.9, bando la vipande 20 ni dakika 18. Kadi yake ikigongwa kuwa limekwisha kwa dakika 2, mfumo uliwekee alama likaguliwe.

Hatua ya 4: Mkaguzi agonge kadi, achague kasoro. Mshono ulioruka, doa la mafuta, kipimo kibaya. Zisizidi 10 hivi, maana orodha ikirefuka mkaguzi atabonyeza ya juu tu. Kasoro 6 katika vipande 120 ni 5 kwa mia. Zikitoka mashine moja, mwite makanika kabla ya kumwita mshonaji. Sindano iliyopinda huruka mshono hata mshonaji awe hodari namna gani. Na namba za mtu mwonyeshe mwenyewe, usizibandike ukutani.

Hatua ya 5: Futa kadi. Bando likishapakiwa, kadi isafishwe kwenye mfumo kabla ya kurudi kwa wakataji. Isipofutwa, shati la leo litabeba historia ya suruali ya wiki jana.