Wageni wa bure kwenye tovuti: hatua tulizopita na tovuti ya keki

Shemeji yangu anaoka keki Kihonda, Morogoro. Mwaka jana alimlipa kijana mmoja amtengenezee tovuti. Ikapendeza, akaitangaza kwenye grupu la ukoo, tukapiga makofi. Miezi minane baadaye akanipigia: "Shem, hii tovuti niliilipia niiangalie mwenyewe? Mbona haingii mtu?" Nikafungua takwimu. Walioingia mwezi ule ni yeye, mimi na yule kijana aliyeijenga.

Tangazo la kulipia hakulitaka, na mimi sikumshawishi. Tangazo ni kama jenereta: mafuta yakiisha, giza. Hapa naandika tulichofanya bila kulipa, kwa mpangilio tuliofuata. Mifano ni ya WordPress, programu ya kujengea tovuti, kwa sababu ndiyo niliyoizoea. Nachukulia pia kwamba tovuti yako inafunguka vizuri kwenye simu na ina kufuli la https. Kama haina, mwambie anayekupangishia seva akuwekee cheti cha Let's Encrypt. Ni cha bure, usikubali kutozwa.

Hatua ya 1: Hakikisha mlango haujafungwa kwa ndani

Nenda Google uandike neno site, nukta mbili, kisha jina la domeni yako (anwani ya tovuti) bila kuacha nafasi, hivi: site:jinalako.co.tz. Kurasa zako zikitokea, ruka hatua hii umshukuru Mungu. Sisi haukutokea hata mmoja.

Mtuhumiwa wa kwanza ni kisanduku kidogo ndani ya WordPress. Ingia "Settings", kisha "Reading", shuka mpaka chini. Kuna kisanduku kinachoziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti. Mafundi hukitia tiki wakati wa ujenzi ili watu wasione nyumba ambayo haijaezekwa, halafu siku ya kukabidhi funguo wanasahau. Toa tiki, hifadhi.

Nilitoa tiki, nikamwambia shem mambo tayari, nikaenda kula. Baada ya wiki mbili bado tupu. Hapo ndipo nilipopoteza jioni nzima, kwa hiyo nisikilize taratibu.

Tiki hiyo huandika neno noindex, yaani "usiorodheshe", kwenye msimbo wa kila ukurasa. Ukiitoa, neno linaondoka, ila kwenye ukurasa uliotengenezwa upya tu. Tovuti ya shem ilikuwa na plagini (kiongezeo) ya kashe, iliyohifadhi nakala za zamani na kuwagawia wageni hizo hizo, noindex ikiwa humo humo. Mimi nilikuwa nimeingia kama msimamizi, na plagini nyingi za kashe humpa msimamizi ukurasa mpya, kwa hiyo kila nikikagua naona safi. Futa kashe yote. Halafu fungua dirisha la faragha la kivinjari kwenye kompyuta, ingia kwenye tovuti kama mtu baki, bonyeza Ctrl na U, utafute noindex kwenye msimbo unaotokea. Fanya hivyo kwa ukurasa wa mwanzo na kurasa nyingine mbili tatu, kwa sababu plagini za SEO (za kuisaidia tovuti ionekane kwenye utafutaji) kama Yoast na Rank Math zina swichi yake kwa kila ukurasa, na mtu anaweza kuwa aliigusa mmoja mmoja.

Kisha angalia jinalako.co.tz/robots.txt. Ukiona Disallow ikifuatiwa na mkwaju (/) peke yake, umeifunga tovuti nzima. Disallow isiyofuatiwa na kitu inaruhusu kila kitu. Ndiyo, tofauti ni mkwaju mmoja. Na usichanganye mambo haya mawili: robots.txt inamkataza roboti (programu ya Google inayopita ikisoma tovuti) asisome ukurasa, noindex inamruhusu asome lakini asiuorodheshe. Ukiweka vyote viwili, roboti hafiki mahali pa kuiona noindex, na anwani yako inaweza kutokea kwenye Google bila maelezo yoyote, kama kibanda kisicho na bango.

Yote hayo niliyanyoosha. Bado! Kumbe noindex inaweza pia kukaa mahali ambapo Ctrl na U haikuonyeshi: kwenye vichwa vya majibu ambavyo seva hutuma kabla ya ukurasa wenyewe. Kinaitwa X-Robots-Tag. Fundi aliijenga tovuti kwenye anwani ya majaribio, akaweka mstari huo ndani ya .htaccess, faili la mipangilio ya seva, na wakati wa kuhamia domeni halisi faili likahama nalo. Nilikuja kuligundua baada ya kuufanyia ukurasa majaribio kwenye Search Console, zana ya Google ya hatua ya 2, ambayo ilisema wazi kwamba kuna noindex na iko wapi. Nikaufuta mstari. Kabla hujaligusa .htaccess chukua nakala yake, maana herufi moja ikikosewa tovuti nzima inalala.

Kwa hiyo kama ningeanza upya, ningeanza na hatua ya 2, ndipo nirudi kwenye ya 1. Lakini hivi ndivyo tulivyokwenda.

Hatua ya 2: Search Console

Ni ya Google, ni bure. Unapoongeza tovuti yako, chagua aina ya domeni nzima, usichague ile ya anwani moja. Aina ya anwani moja huhesabu www na isiyo na www kama nyumba mbili, na utakaa unaangalia ripoti ya nyumba isiyokaliwa na mtu. Kuthibitisha domeni nzima kunahitaji kuweka rekodi ya TXT (mstari wa maandishi) kwenye DNS, yaani mipangilio ya domeni. Kama hujui DNS yako iko wapi, mara nyingi ni kwa yule uliyemlipia domeni.

Tuma ramani ya tovuti, yaani orodha ya kurasa zako. WordPress kuanzia toleo la 5.5 la mwaka 2020 huitengeneza yenyewe, kwenye wp-sitemap.xml. Plagini za SEO huweka ya kwao badala yake. Yoyote inatosha, usitume zote.

Omba ukurasa wa mwanzo uorodheshwe, mara moja. Kubonyeza kila saa hakukusogezi kwenye foleni.

Hatua ya 3: Tafuta maneno ndani ya WhatsApp yako

Ukisoma miongozo mingine utaambiwa ununue zana za maneno muhimu. Kwa biashara ya mtaa sizipendi, zinakuletea maneno ya watu wa mbali. Mimi nilimwambia shem anipe simu yake. Tulikaa na chai, tukapanda juu kwenye meseji za miezi mitatu, tukawa tunaandika kila swali la mteja kwenye daftari vilevile alivyoliuliza:

"Keki ya kilo 2 bei gani?"
"Watu 50 inatakiwa kilo ngapi?"
"Mnaleta mpaka Mzumbe?"
"Unaweza kuweka picha ya mtoto juu?"
"Ya send-off na ya kitchen party bei moja?"

Hayo ndiyo maneno muhimu. Mtu anayemuuliza shem kwenye simu ndiye huyohuyo anayeiuliza Google usiku wa manane. Uhakiki wake ni rahisi: anza kuandika "bei ya keki" kwenye kisanduku cha Google na uone inavyokumalizia sentensi. Jaribu Kiswahili, jaribu ule mchanganyiko tunaoongea kweli, "bei ya birthday cake Morogoro". Andika kama watu wanavyoandika, hata kama mwalimu wako wa sekondari angekasirika.

Halafu kila swali zito lipate ukurasa wake, na jibu liwe kwenye aya ya kwanza. La watu 50 tulilijibu kwa hesabu: ukikata kipande cha gramu 100, kilo 1 inatoa vipande 10, basi watu 50 ni kilo 5. Ukitaka vipande vidogo vya kulishana tu, punguza. (Kuna harusi siku hizi wanakata ndafu na keki inakaa kama pambo. Shem hataki kabisa kulizungumzia hilo.)

Sasa suala la bei. Tuligombana. Shem, kama wafanyabiashara wengi hapa kwetu, alikuwa amezoea "bei njoo inbox". Nikamwambia mtu aliyeandika "bei gani" kwenye Google, akafungua ukurasa wako na asiikute bei, anarudi nyuma na kufungua wa jirani. Na Google haiwezi kukuonyesha kama jibu la bei wakati bei huna. Tukakubaliana aandike "kuanzia" na sababu zinazoipandisha: maua ya sukari, ghorofa, umbali wa kupeleka. Ukurasa wa bei ndio ulioleta mgeni wa kwanza tusiyemjua.

Usitafsiri kurasa kwa mashine ili uwe na lugha tano. Utapata kurasa tano mbovu.

Hatua ya 4: Wasifu wa biashara kwenye Google

Hii inakuweka kwenye ramani, na kwa biashara ya mtaa inaweza kuzidi tovuti yenyewe kwa kuleta watu. Ni bure. Kama unafanyia kazi nyumbani na hutaki watu wakugongee geti, ficha anwani na utaje maeneo unayohudumia. Jina liandike kama lilivyo kwenye bango lako, usilijaze "Keki Bora Nafuu Morogoro Harusi Birthday", wasifu unaweza kusimamishwa. Uthibitisho siku hizi mara nyingi ni kwa video: unaonyesha mtaa, vifaa vya kazi, na kitu kinachoonyesha biashara ni yako. Shem alirudia mara mbili kwa sababu ya kwanza ilikuwa giza. Rekodi mchana.

Kila anayepokea keki mtumie kiungo cha kuandika maoni, siku hiyohiyo, kabla keki haijasahaulika. Usimpe zawadi kwa maoni, Google hairuhusu.

Hatua ya 5: Punguza picha

Picha ya simu inaweza kuwa na MB 4. Mgeni wako analipa kwa bando. Ingia squoosh.app, ni bure na inafanya kazi ndani ya kivinjari, geuza kuwa WebP, aina nyepesi ya faili la picha, upana wa pikseli 1200 unatosha. Badilisha na jina: IMG_2041 haimwambii mtu kitu, keki-ya-harusi-kilo-5 inamwambia.

Hatua ya 6: Status, ila kwa akili

Shem alikuwa anaweka picha za keki status kila siku, na chini anaandika anwani ya ukurasa wa mwanzo. Tukabadilisha: ukiweka keki ya kipaimara, weka kiungo cha ukurasa wa keki za kipaimara. Status inakufa baada ya saa 24, ukurasa unabaki.

Angalia pia kiungo kinavyoonekana ukikituma kwa mtu. Kikitokea kitupu bila picha, watu hawabonyezi, wanadhani ni wale wa "umeshinda zawadi". Picha hiyo inatoka kwenye kitu kinaitwa Open Graph, na plagini ya SEO inakuwekea. Pikseli 1200 kwa 630, na mimi huiweka chini ya KB 300 kwa sababu nzito nimeziona zikikataa kutokea. Ukiibadilisha na WhatsApp ikang'ang'ania ya zamani, ongeza alama ya kuuliza na neno lolote mwishoni mwa anwani, italisoma kama kiungo kipya.

Instagram kiungo weka kwenye wasifu wako. Ukikiandika kwenye maelezo ya picha hakibonyezeki, na hakuna mtu atakayekinakili herufi kwa herufi.

Hatua ya 7: Viungo kutoka kwa wenzako

Mpiga picha, MC, mpambaji, mwenye ukumbi. Kama wana tovuti, waombe wakutaje, nawe uwataje. Basi. Usinunue viungo, na usinunue wale "wageni 10,000 kwa elfu ishirini": ni roboti, hawali keki.

Hatua ya 8: Subiri, kisha soma ripoti

Usiangalie kila siku, namba kamili za Search Console huchelewa siku mbili tatu na utajipa presha bure. Mara moja kwa wiki fungua ripoti ya utendaji, panga kwa idadi ya mara ulizoonekana, tafuta maneno ambayo umeonekana sana lakini hujabonyezwa. Hapo mara nyingi kichwa cha ukurasa ndicho kibaya. Wetu mmoja uliitwa "Karibu". Tukauita "Bei ya keki za harusi Morogoro, kilo 3 hadi 10", na haukuhitaji kitu kingine. Ripoti inakumbuka miezi 16 tu, kwa hiyo kama unataka kulinganisha mwaka hadi mwaka, pakua na uhifadhi.

Halafu tafuta maneno ambayo hukuyategemea. Sisi tulikuta watu wanaitafuta keki isiyo na mayai. Shem hajawahi kuioka. Nikamwambia tuandike ukurasa, akasema haandiki kitu asichokijua. Tangu wiki iliyopita jikoni kwake kuna majaribio ya maziwa ya mtindi na siki, mbili zimebonyea katikati, ya tatu watoto wameimaliza kabla sijapata picha.