Kutengeneza pawasaplai ya volteji kubwa kwa flaibeki ya tivi ya chogo

Huku Lamu tivi za chogo bado zimejaa kwenye mastoo, watu wamenunua flati na ile ya zamani imefunikwa kanga tu, basi ukipewa moja usiitupe, ndani mna flaibeki, yaani transfoma inayokipa kioo volteji kubwa, na flaibeki ukiiendesha kwa betri ya volti 12 inakutolea maelfu ya volti.

Lakini kwanza toa chaji ya kioo. Hata tivi ikiwa imechomolewa wiki nzima kioo kinaweza kuwa bado kina umeme. Chukua bisibisi ndefu yenye mpini wa plastiki, funga waya kwenye chuma chake, ncha ya pili ya waya ibane kwenye ule waya mtupu uliosukwa unaopita nyuma ya kioo, kisha weka mkono mmoja nyuma ya mgongo wako, ingiza bisibisi polepole chini ya kile kikombe cha mpira kilichobandikwa kwenye kioo, unapoingia waya mwekundu wa flaibeki, mpaka iguse chuma. Utasikia ta! Hapo usikimbilie kushika, subiri dakika 5 urudie, halafu urudie tena, sababu chaji hurudi yenyewe. Mimi nilifanya mara moja nikaona yameisha, nikashika, mkono ukaruka wenyewe ukapiga ukingo wa boksi nikachanika kidole. Kapasita kubwa ya upande wa stima nayo hubeba volti 300 na kitu, imalizie kwa balbu ya waya ya wati 60.

Transfoma ya maikrowevu achana nayo kabisa jamani, ile inatoa kama volti 2000 na ampea za kuua.

Sasa sakiti. Tafuta transista 2N3055 kwenye amplifaya mbovu, ifunge kwenye hitisinki kubwa, yaani bati la kupoza joto, na ujue bodi yake yote ya chuma ni kolekta (sehemu tatu za transista ni kolekta, besi na emita) kwa hivyo isiguse kitu. Kwenye feraiti ya flaibeki, kile kiini cheusi, ule mguu ulio wazi, zungusha waya mnene wenye ganda mara 8, huo unatoka chanya ya betri unaingia kolekta. Juu yake zungusha mwembamba mara 4, ncha moja kwenye besi, ncha ya pili pale rezista ya omu 220 inayotoka chanya inapokutana na ya omu 27 inayokwenda hasi, zote za wati 5. Emita hasi. Weka fyuzi ya ampea 5, usiiruke hii.

Ukiwasha ikawa kimya, zima, geuza ncha za ule waya mwembamba, mara nyingi ni hilo tu. Kujua pini ya hasi ya volteji kubwa, funga ule waya mwekundu kwenye fimbo kavu ya plastiki uusogeze karibu na pini za chini, pale cheche inaporuka mbali zaidi ndipo penyewe.

Shida yetu huku ni chumvi. Upepo wa bahari unaacha utando juu ya flaibeki, usiku ukizima taa unaona vimwanga vya zambarau vinatambaa na cheche inakuwa fupi, unadhani transista imekufa kumbe umeme unavuja juu ya uchafu. Isugue kwa spiriti, iache ikauke kabisa kabla ya kuwasha. Ukimaliza kazi chomoa betri, gusisha waya mwekundu kwenye pini ya hasi kwa ile fimbo mara kadhaa, ndio uiweke kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko.